Cheti cha Ng'ambo ya Ruvubu

Kwanza ulikuwa mguso mdogo, tip, muhuri ukilamba wino kwenye kisahani chake. Halafu kishindo, pa, hadi kalamu zikaruka mezani. Tip, pa. Tip, pa. Nilikuwa wa kumi na moja kwenye foleni nje ya ofisi ya sista mkuu, na kila pa moja ilikuwa msichana mmoja aliyekwisha kuingia sekondari. Hadi leo nikipita karibu na ofisi yoyote nikasikia muhuri unagonga, miguu inasimama kabla kichwa hakijajua kwa nini.

Ilikuwa shule ya masista, ya wasichana watupu, upande wa Biharamulo, juu ya kilima chenye mikaratusi. Unashuka kwenye lori barabarani, unapanda kwa miguu na sanduku kichwani, na ukifika juu unakuta madirisha yenye vioo vizima, vyote. Kwetu Mabawe nilikuwa nimezoea shule ambayo mvua ikinyesha mwalimu anaandika ubao huku watoto wamejibana upande mmoja. Hapa kulikuwa na chumba kizima cha vitabu, na chumba kingine chenye meza ndefu na chupa za dawa ambazo hazikuwa za mgonjwa yeyote, za kujifunzia tu. Nilipochungulia siku ya mtihani wa kuingia nilisahau hata kufunga mdomo.

Siku hiyo ya mtihani sista mkuu alituhutubia bwaloni. Alikuwa mama mrefu, mkavu, sauti yake haikuhitaji kipaza sauti.

"Hapa hatufugi wachumba wa watu," alisema. "Anayewaza kuolewa akiwa kidato cha pili, lori alilokuja nalo bado halijaondoka."

Tukacheka kwa woga. Akangoja tunyamaze.

"Mimi nitazeeka. Nitaugua. Nataka nitibiwe na mmoja wenu. Na huyo akiniambia dawa imekwisha, nataka nijue kweli imekwisha. Kwa hiyo tutawafundisha fizikia na tutawafundisha hilo. Lenye kuchosha zaidi ni hilo la pili."

Mimi nilikuwa mtoto wa kuota. Jumatatu nilikuwa muuguzi. Jumatano nilikuwa rubani, kwa sababu miaka ile ndege za misaada zilikuwa zikipita juu ya migomba yetu na mimi nilikuwa nikizipungia jembe. Jumapili nilikuwa sista, hadi saa ya chakula cha mchana. Matokeo ya mtihani yalipobandikwa parokiani na jina langu likawemo, nilikimbia kutoka barabarani hadi nyumbani nikipiga vigelegele mwenyewe, jirani wakatoka nje wakidhani kuna harusi.

Basi siku ya kupeleka makaratasi nikaingia ofisini.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele, amina. Kaa."

Hakuinua uso. Akapitia cheti changu cha darasa la saba, barua ya jumuiya ndogo ndogo inayosema mimi ni binti wa sala na mwenye adabu, picha mbili. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeshagusa wino. Nilisikia tip. Nikangoja pa. Haikuja. Alikuwa ameshika cheti changu cha ubatizo, amekisogeza mbali kidogo na macho.

"Hii ni parokia gani?"

"Ya ng'ambo, sista."

"Ng'ambo ya wapi?"

"Ya Ruvubu."

"Yaani Burundi."

"Ndiyo sista, lakini mimi ni Mhangaza wa Mabawe."

Akavua miwani. "Binti yangu, siku hizi kila mtu ni Mhangaza wa Mabawe."

Hakusema kwa ubaya, na alikuwa na sababu. Kihangaza na Kirundi vinasikilizana. Mtu wa ng'ambo akikaa kwetu wiki mbili huwezi kumjua kwa kusema. Watu walikuwa wamevuka kwa maelfu, na amri ya serikali ilikuwa kwamba mkimbizi akae kambini na mtoto wake asome kambini. Sista alinieleza kwamba wakaguzi walikuja mwezi uliopita, wakafungua faili moja baada ya jingine. Akiingiza mmoja asiyestahili, wanaweza kumfungia darasa zima.

"Nafasi yako nakushikia hadi Jumatatu, si hii ijayo, ile inayoifuata. Niletee cheti cha parokia ya kwetu, au maandishi ya Kanisa yanayokieleza hiki. Nikikosa, namchukua wa akiba."

Mlango ulikuwa wazi, wenzangu wa foleni walikuwa wamesikia kila neno. Nilipotoka, msichana mmoja wa Kisukuma, mnene, mcheshi, akaniambia, "Dada, kambi umeipita kule nyuma. Rudi na lori hilohilo."

Wakacheka. Na mimi nikacheka pamoja nao, maana ndivyo nilivyozoea, pakichekwa nacheka. Nilipofika kwenye mikaratusi ndipo nikaacha kucheka.

Nieleze hicho cheti. Nilipozaliwa parokia yetu ilikuwa mbali, na ya ng'ambo ilikuwa mwendo wa asubuhi moja ukivuka kwa mtumbwi. Watu wa kando ya mto walikuwa wakienda misa kule, wakioa kule, wakiuza ndizi kule. Nikiwa na wiki tatu niliugua, nikawa sinyonyi. Bibi mzaa baba hakutaka nife bila ubatizo; akanifunga mgongoni, akavuka. Mama wa ubatizo wangu alikuwa rafiki yake wa huko, mwanamke wa kusuka mikeka. Nikapona. Cheti kikakaa kwenye kopo la maziwa ya unga juu ya dari, na kwa miaka kumi na minne hakuna aliyekiona kuwa na kasoro.

Baba alipopata habari alikwenda moja kwa moja kwa mwenyekiti wa kijiji akaandikiwa barua. Lakini barua za wenyeviti mwaka ule zilikuwa zimechuja, nyingi zilikuwa zimeandikwa kwa huruma kuwafichia watu. Karani wa parokia aliisoma, akaikunja, akamrudishia baba kwa mikono miwili kama mtu anayerudisha sahani tupu.

"Hii sista hataitazama, mzee."

Ndipo akaja katekista wa kigango chetu. Alikuwa mtu mwema, wa utani, anayejua ndoa za wote na madhambi ya wengi. Mimi aliniita Sista tangu siku matokeo yalipotoka. Alikaa kwenye kigoda, akapokea kata ya togwa, akasema, "Mbona mnalia na dawa ipo?"

"Dawa gani?" baba akauliza.

"Ubatizo wa sharti. Jumamosi ya wiki ijayo padri anakuja kigangoni. Kuna watu watano waliopoteza vyeti na hawana hakika kama walibatizwa. Padri anawamwagia maji na kusema, 'Kama hujabatizwa, nakubatiza.' Sisi tunamweka huyu awe wa sita. Jumapili namwandikia cheti kipya, muhuri wa kwetu, lugha ya kwetu. Jumatatu sista anapiga wake."

"Lakini mimi nilibatizwa," nikasema.

"Wewe ulikuwa na wiki tatu, Sista. Unakumbuka?"

"Sikumbuki, ila cheti..."

"Padri atakuuliza una hakika? Unajibu, 'Sina hakika, baba.' Maneno matatu. Kama haukuhitajika, maji yamekulowesha tu, hakuna aliyekufa."

Baba akacheka kwa mara ya kwanza wiki ile. Mama hakucheka. Alisema taratibu kwamba kwanza angependa kujua kama mama wa ubatizo bado yu hai, kwa sababu mama mmoja wa jumuiya, aliyekuwa akibadilisha ndizi kwa mahindi ya msaada, alikuwa amesikia kwamba watu wa parokia ile wamefika kambini. Labda huyo mama wa ubatizo angeweza kutoa ushahidi, na sharti lisingehitajika.

Tukaondoka asubuhi, mama na mimi. Lori la kuni likatuacha Nyamiaga, tukatembea, tukapata lori jingine. Kambi niliisikia kabla ya kuiona, ilivuma. Halafu maturubai ya bluu yakafunika mlima kama mtu ameanika nguo zote za dunia. Hapakuwa na mti. Mimi, mtoto wa kuota, nilikuwa nimepanga kambi kichwani kama soko kubwa. Nilishika khanga ya mama na sikuiachia tena.

Watu walikuwa wamekaa kama walivyokaa kwao, kilima hiki hapa, kilima kile pale. Ukitaja parokia unaonyeshwa mtaa wake. Tulimkuta amekaa nje ya turubai, mwanamke mfupi mwenye pengo la meno ya mbele, anasuka mkeka kwa nyasi zisizofaa, zinakatika. Alimtazama mama, akamtazama tena, akaweka mkeka chini.

"Mwaramutse," mama akasalimia.

Hakujibu salamu. Alininyooshea kidole. "Huyu ndiye yule mlafi wa maji?"

Mama akaangua kicheko na machozi papo hapo. Wakakumbatiana muda mrefu. Halafu akanikalisha, akanipa kikombe cha uji wa mahindi ya njano, na akanisimulia ubatizo wangu kama habari ya jana. Padri alipomwaga maji nilinyamaza kabisa. Maji yalipokwisha ndipo nikapiga kelele, kama ninayedai niongezewe, na waumini wakacheka hadi padri akapoteza ukurasa. Mshumaa ulizimwa na upepo mlangoni, yeye mwenyewe akauwasha upya kwa mshumaa wa mtoto mwingine. Bibi yangu aliimba vibaya.

"Alikuwa anaimba vibaya kweli," mama akasema.

"Mungu amrehemu, alikuwa akiharibu misa nzima."

Mama akaeleza shida yetu. Yule mama alisikiliza huku anaokota nyasi zilizokatika, anazipanga kwa urefu. Akatikisa kichwa.

"Mimi nikisimama kuwa shahidi nitamharibia. Watasema, tazameni, hata mama wa ubatizo wake yuko kambini, mnataka nini zaidi? Na walinzi wa kambi hawaniruhusu kuvuka kile kizuizi cha barabarani." Akanigeukia. "Mwanangu, fanya hilo la katekista. Sema hunijui. Sema nimekufa. Petro alikana mara tatu na bado akakabidhiwa kondoo."

Akacheka, pengo likaonekana. Mimi sikuweza.

Alitusindikiza hadi kwenye kizuizi, pale asiporuhusiwa kuvuka. Akanichora msalaba kwenye paji la uso kwa kidole gumba chenye ukakasi wa nyasi. Akasema, kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayehesabu vikombe:

"Watoto niliowasimamia ubatizo ni saba. Ninayejua alipo ni huyu."

Njiani nikawa nayahesabu maneno yale. Saba. Huyu.

Siku zilizofuata sikula vizuri. Nilikuwa napalilia maharage na kujifunza jibu langu. Sina hakika, baba. Nikawa nayaambia maharage. Sina hakika, baba. Katekista akipita njiani ananiuliza kwa mbali, "Sista, una hakika?" na mimi najibu, "Sina," naye anacheka anaendelea na baiskeli yake. Lakini katekisimu nilikuwa nimeishika kichwani yote, ndiyo sifa pekee niliyokuwa nayo kijijini, na sasa ilinigeuka. Sakramenti zipi hupokelewa mara moja tu? Ubatizo, Kipaimara na Upadirisho. Kwa nini? Kwa sababu zinatia rohoni alama isiyofutika. Nikawa nawaza alama yangu ikipigwa juu ya alama, kama muhuri uliogongwa mara mbili hausomeki. Nikawa nawaza sista mkuu ni mgonjwa, mimi ni muuguzi, namwambia dawa imekwisha, na yeye ananitazama.

Halafu nawaza upande wa pili. Madirisha yale. Chumba cha vitabu. Wenzangu wawili wa darasa la saba walikuwa wameshaolewa, mmoja alikuwa amekwenda kufua kwa watu wa misaada na hakurudi alivyokwenda. Baba alikuwa ameshasema, si kwa hasira, kwamba nisipoingia mwaka huu tutaangalia mambo mengine, na nilijua mambo mengine ni nini, maana mama wa kijana mmoja wa Keza alikuwa ameshakuja mara mbili kutusalimu bila sababu.

Nilimuuliza mama tukiwa kisimani. "Mama, ni dhambi?"

Alinitwisha ndoo kwanza. "Mimi sikusoma," akasema. "Baba yako anataka uende shule. Mimi pia nataka. Usiniulize lingine, nitakudanganya."

Ijumaa alinifulia kitambaa cheupe cha ubatizo, akakipiga pasi ya mkaa. 

Msomaji nisikuache na wasiwasi niliokuwa nao mimi, haufai kwa mtu yeyote. Maji ya sharti sikumwagiwa, na mwaka ule sikuingia. Jumatatu nilipanda kilima kwa sista mkuu na kile cheti cha ng'ambo, mama akiwa nyuma yangu, nikamweleza yote, ya mtumbwi, ya kambi, na ya sharti. Alisikiliza amefumba macho, nikadhani amelala. Akasema ataandika barua kwa askofu kuuliza namna ya kutambua vyeti vya mpakani, maana sikuwa peke yangu, na kwamba mpaka majibu yatoke hawezi kupiga muhuri. Majibu yalikuja wanafunzi wakiwa nusu ya muhula, nafasi yangu ikiwa imekwisha kwenda kwa yule wa akiba. Baba alininunia hadi mavuno. Katekista aliacha kuniita Sista. Mwaka uliofuata nilichukuliwa, bila mtihani wa pili, nikasoma miaka miwili ya furaha, hesabu ikanitoa kidato cha pili kama ilivyowatoa wengi. Kwa hiyo sikuwa muuguzi wala rubani. Nafundisha watoto wa chekechea kuhesabu hadi ishirini, na hapo najiamini kabisa.

Siku hizi wanaponiuliza kwa nini nilifanya vile, wanataka niseme nilikuwa jasiri. Nilikuwa naogopa. Naogopa sista, naogopa baba, naogopa jehanamu, na naogopa zaidi yule mama akae pale na nyasi zake akiwa hana hata mmoja kati ya wale saba.

Ile Jumamosi kigango kilikuwa kimefagiliwa. Tulikuwa sita nje, tumeshika vitambaa vyeupe, watano kati yetu wakiwa wazee kuliko baba. Mzee mmoja alikuwa anawatania wenzake kwamba wakimwagiwa maji wasije wakamezwa na mamba wa Ruvubu. Gari la padri likasikika bondeni, na watu wote wakakimbilia barabarani kumlaki, wamama na vigelegele, katekista mbele akifunga vifungo vya kanzu. Mimi nikabaki.

Nikaingia. Mezani palikuwa na beseni la maji, mshumaa mpya, na daftari la katekista limefunguliwa, penseli imefungwa kwa uzi kwenye jalada lake. Juu ameandika kwa mwandiko wake mzuri: Wasio na hakika. Nilikuwa wa sita. Jina langu, jina la baba, kijiji. Kwenye safu ya mwisho, mama wa ubatizo, alikuwa ameandika jina la mke wake.

Vigelegele vilikuwa vimefika kwenye njia nyembamba, chini ya kigango. Uzi wa penseli ulikuwa mfupi, ikabidi niinamishe kichwa karibu na karatasi. Nikapiga mstari juu ya jina la mke wa katekista, mstari mmoja, ulionyooka. Juu yake, kwa herufi za kuchapa ili asomeke, nikaandika jina la mama yangu wa ubatizo, lote, na la baba yake, na parokia yake. Nafasi haikutosha, herufi za mwisho zikapanda ukingoni mwa daftari. Nikasoma tena nione kama sijakosea. Nikailaza penseli pale ilipokuwa.